Upinde wa Mjomba, Kirpani ya Kalasinga

Kosa langu la kwanza, lile lililozaa mengine yote, lilikuwa kuamini kwamba upinde wa mjomba wangu na kirpani ya Kalasinga ni kesi moja. Niliamini hivyo kwa sababu nilikuwa nimesoma. Sikusoma shuleni, maana shule niliiacha kidato cha pili. Nilijisomea mwenyewe, katika kitabu cha sheria kisicho na jalada nilichokipata sokoni Kikima kwa mwanamke aliyekuwa akichana kurasa zake kufungia njugu. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshakwenda na wateja. Kwa hiyo sheria niliyoijua mimi ilianzia katikati, na nilikuwa na kiburi nayo kama mtu aliyeisoma yote.

Mjomba, ndugu ya mama yangu, alikuwa soja wa usiku katika gereji moja kando ya barabara ya Mombasa, pale Kibwezi. Ilikuwa miaka ya themanini, na mimi nilikuwa nikikaa kwake, nikiwaandikia watu barua mbele ya posta. Nilikuwa kijana wa wasiwasi. Barua ya mtu anayeomba kutumiwa sukari niliweza kuiandika upya asubuhi nzima kwa sababu mstari mmoja umepinda. Mwenye barua alikaa akiningoja, akipiga miayo, na mwisho alisema, "Kijana, hata hii ya kwanza ilikuwa mzuri." Nami nilikasirika, kwa sababu haikuwa nzuri.

Gereji ilikuwa ya Kalasinga, Mhindi wa dini ya Kisikh. Watu wote walimwita hivyo, hata mbele yake, naye aliitika. Alizaliwa Kibwezi, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko Kiswahili changu. Alivaa kilemba cha rangi ya majivu kilichokuwa na madoa ya grisi, bangili ya chuma mkononi, na mkanda mweusi uliopita begani na kushuka ubavuni. Kwenye mkanda ule, ikichungulia chini ya shati, ilining'inia kirpani, kisu kifupi kilichopinda, ndani ya ala yake. Alipoingia chini ya lori aliisukuma nyuma ya mgongo, akalala juu yake, akatoka na alama ubavuni. Madereva walimtania.

"Kalasinga, hiyo ni ya kukata nati?"

"Hii ni ya kukata maneno yako. Leta spana."

Kirpani ile ilikuwa butu. Siku moja nilimwona akijaribu kukata kamba ya nailoni, akakumbuka kwamba hii si ya kazi hiyo, akairudisha na kumwomba mjomba kisu cha jikoni. Hakuna mtu Kibwezi aliyeiogopa. Mkuu wa kituo cha polisi mwenyewe alileta Landrova yake pale, akaketi kwenye gurudumu kuukuu akinywa chai huku kirpani ikimpita puani, na hakusema neno.

Mjomba naye alilinda malori yaliyolala pale kwa upinde na mishale. Hilo halikuwa jambo la ajabu kwetu. Mwenye mali akitaka soja, alimtafuta Mkamba mwenye upinde, na wezi walilijua hilo. Mjomba alikuwa ameuchonga upinde wake mwenyewe, akaukausha polepole juu ya moshi jikoni kwa mkewe mpaka ukawa mweusi na laini kama mpini wa jembe la zamani. Upinde ulilala gereji, ndani ya stoo, juu ya misumari miwili. Nyumbani haukuja ila ukiharibika.

Mwaka mmoja agizo la serikali lilikuja. Ng'ombe walikuwa wameibwa upande wa Tseikuru, kule kaskazini, na watu wakapigana kwa mishale. Na huku kwetu, karibu na mbuga, ndovu walikuwa wakiuawa. Chifu aliita baraza akasoma: mtu yeyote asionekane barabarani na upinde, mshale, mkuki wala simi, bila sababu ya haki. Wazee waliguna. Mimi nilifurahi, nakiri. Nilifurahia yale maneno matatu, "sababu ya haki", kwa sababu niliyakumbuka kutoka kitabuni. Nilirudi nyumbani nikayatafuta, nikayapigia mstari kwa rula.

Haukupita muda mrefu, kano ya upinde wa mjomba ilikatika. Kalasinga alimwambia aupeleke nyumbani autengeneze mchana, arudi nao jioni. Ndivyo alivyofanya. Alipokuwa akirudi kazini, jua halijatua, upinde begani na podo la mishale mgongoni, askari wawili walimsimamisha barabarani. Mjomba alitusimulia baadaye, na kila aliposimulia nilitamani kumziba mdomo.

"Mzee, hii vita unapeleka wapi?"

"Napeleka kazini."

"Kazi ya kupiga ndovu?"

"Kazi ya kulinda lori ya Kalasinga."

"Barua iko wapi?"

"Barua ya nini? Upinde haina barua."

Halafu akacheka. Wale askari hawakucheka. Mjomba alilala kituoni, na asubuhi Kalasinga alikwenda kumwekea dhamana, mikono yake ikiwa bado na oili. Upinde na podo vilibaki kituoni na kibandiko cha karatasi.

Shtaka lilikuwa kubeba silaha hadharani bila sababu ya haki. Mjomba hakuwahi kushtakiwa maishani. Jambo moja tu lilimtisha, nalo ni jela. Mkewe alikuwa na mguu mbaya, hakuweza kufukuza nyani, na mbaazi zilikuwa zimeanza kuweka maua. "Miezi sita tu," alisema, "nitakuta shamba ni la nyani na wameshaandikisha." Alisema hivyo akicheka, lakini chakula chake alikiacha nusu.

Kwenye hoteli ya chai mkabala na gereji watu hawakuzungumza jingine. Hoja yao ilikuwa nyepesi, nami niliinywa pamoja na chai.

"Kalasinga anatembea na kisu miaka yote," alisema fundi mmoja wa matairi, "na hakuna mtu anamwambia kitu. Mkamba akibeba kijiti na uzi, pingu."

"Ile yake ni ya dini," mwenye hoteli alijibu.

"Na yetu si ya babu zetu? Asi! Dini ni ya nani na mila ni ya nani?"

Mfanyabiashara wa mbuzi, Msomali aliyekuja kutoka upande wa kaskazini, aliweka kikombe chini. "Mimi visu vyangu vya kuchinja navifunga kwa gunia mara tatu, na bado kila kizuizi nateremshwa. Nikisema ni ya dini, wananiambia mbuzi hana dini."

Walicheka sana. Mimi sikucheka, nilikuwa nimepata wazo. Ikiwa sheria inaacha kisu cha Kalasinga kwa sababu ya dini, basi lazima iache upinde wa Mkamba kwa sababu ya mila. Nililiona jambo hili limenyooka kama mstari wa rula. Sikulala vizuri kwa furaha yake.

Kilichobaki ni kupata kifungu. Nilitaka maneno kamili, na nambari, yanayosema kwamba Kalasinga ameruhusiwa. Nilipekua kitabu changu chote. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na silaha, palikuwa na mikutano ya hadhara, palikuwa na sababu ya haki, lakini Kalasinga hakutajwa popote. Nikaenda kumwuliza mwenyewe. Alikuwa chini ya lori la saruji, nikazungumza na miguu yake.

"Mzee, ni nani aliyekupa ruhusa ya kirpani?"

"Ruhusa gani?"

"Ya serikali. Karatasi."

"Hakuna karatasi."

"Basi sheria inasemaje?"

"Sijui. Niletee hiyo tochi."

Nilimpa tochi. Nilikuwa nimekereka. "Lakini mzee, lazima kuwe na mahali pameandikwa. Umeibeba miaka yote hii bila kujua kama umeruhusiwa?"

Alijisukuma nje kwa visigino, akaketi. Ndevu zake zilikuwa na vumbi la saruji. "Kijana, mimi sijaomba ruhusa ya kuwa na ndevu. Nilipokuwa mtu mzima nilikunywa maji ya kiapo chetu, amrit, kama nyinyi mnavyobatizwa. Tofauti ni kwamba wewe ukitoka mtoni unakauka. Yangu inabaki mwilini. Nalala nayo, naoga nayo. Askari wananijua, basi. Wakija wengine wasionijua, tutaongea."

"Na wakikataa?"

"Hawajakataa bado."

Jibu gani hilo? Niliondoka pale nikiwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa polisi. Mtu anabeba kisu, wenzake wanafungwa kwa kijiti, naye hajui hata kifungu kinachomlinda, na wala hajali! Baadaye nilikuja kuelewa kwamba ulinzi wake wote ulikuwa mazoea tu ya watu wa Kibwezi, na mazoea hayavuki hata mlima mmoja. Lakini wakati ule nilijiambia kwamba kifungu kipo, kimo katika zile kurasa zilizofungia njugu, na kwamba hakimu atakijua.

Nikamwandikia mjomba maneno ya kusema. Niliyaandika, nikayafuta, nikayaandika tena. Yalianza hivi: "Mheshimiwa hakimu, upinde ni mila ya Wakamba tangu enzi za mababu, na Mkamba na upinde wake hawatenganishwi." Nilijivunia sana hilo neno "hawatenganishwi". Kila jioni nilimketisha mjomba kwenye kigoda nikamfundisha.

"Sema."

"Mheshimiwa, upinde ni kazi ya..."

"Mila, mjomba! Mila."

"Lakini si mila. Mila ni kama mahari. Hii ni kazi, nilikuwa naenda kazini."

"Kazi kila mtu anayo. Wakisikia kazi watakuuliza barua, na barua huna. Mila haidaiwi barua. Umemwona Kalasinga ana barua?"

"Kalasinga ni Kalasinga."

"Sema."

"Upinde ni mila ya Wakamba tangu... tangu nini?"

"Enzi za mababu."

"Kwa nini nisiseme tangu zamani?"

Nilipandwa na hasira mpaka mke wa mjomba akaniita jikoni. Alikuwa akikoroga uji na hakugeuka. "Huyo mtu ana umri wa baba yako," alisema. "Na yeye ndiye alikuwa barabarani, si wewe." Nilimwambia sheria si jambo la jikoni. Hilo nalo nilisema, na ninalikumbuka kila ninaponusa uji wa wimbi.

Nikamwonya mjomba jambo moja la mwisho: asiongeze neno lake hata moja. Akiulizwa, arudie mila.

Mahakama ilikuwa katika mji mwingine, juu milimani, ambako Kalasinga hakuwa na gereji wala mteja. Tulikwenda kwa pikapu yake. Kalasinga alikuwa shahidi wetu, shahidi pekee, mtu wa kueleza kwamba huyu ni soja wake na kwamba yeye ndiye aliyemtuma na upinde. Alikuwa amevaa kilemba cheupe na shati lililopigwa pasi. Njiani yeye na mjomba walizungumza Kikamba juu ya breki za lori la mtu fulani, wametulia kama watu wanaokwenda sokoni. Mimi nilikuwa katikati yao, midomo ikinicheza, nikirudia hotuba ambayo haikuwa yangu kuisema.

Mahakama ilikuwa ukumbi mmoja mrefu wenye madirisha mapana yasiyo na vioo. Mlangoni alisimama askari kijana, viatu vinang'aa, na kando yake ukutani palikuwa na rundo la fimbo, rungu na simi ambazo watu walikuwa wameambiwa waziache. Alimpapasa Kalasinga, mkono wake ukasimama ubavuni.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni kirpani."

"Mimi naona ni kisu."

"Ni kisu, ndiyo. Lakini si ya kazi ya kisu."

"Si ya kisu ni ya nini sasa?"

"Ya dini. Sisi hatuvui."

"Weka hapo na zingine, utachukua ukitoka."

"Siwezi, kijana wangu."

"Basi huwezi kuingia."

Hapo ndipo nilipojitosa. Nilisimama mbele ya askari nikamwambia, kwa sauti ambayo sasa najisikia aibu nikiikumbuka, kwamba katiba inalinda ibada, kwamba silaha ni silaha pale mtu anapokusudia kuumiza, na kwamba anazuia shahidi wa mahakama. Aliningoja nimalize.

"Wewe ni wakili?"

"Hapana."

"Karani?"

"Hapana."

"Mchungaji?"

"Hapana."

"Basi songa, unaziba mlango."

Watu waliokuwa nyuma yetu walicheka. Mzee mmoja aliyekuwa ameacha simi yake ukutani alisema kwa sauti, "Huyu Muindi akiingia na yake, mimi nachukua yangu." Wengine wakaitikia, na askari akaniangalia kama kwamba mimi ndiye nimeleta fujo. Na kwa kweli ni mimi. Kabla sijafungua mdomo, lilikuwa jambo la watu wawili wanaozungumza kwa upole. Labda wangefika mahali. Nilipomaliza hotuba yangu, yule kijana hakuweza tena kulegeza bila kuonekana ameshindwa.

Nikamgeukia Kalasinga, nikamvuta kando. "Mzee, nakuomba. Ivue. Nitaishika mwenyewe, kwa mikono miwili, sitaiweka chini. Dakika chache tu. Mjomba atafungwa!"

"Najua."

"Kwa kisu kisichoweza kukata kamba!"

"Najua hiyo pia." Hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi. "Nikiivua kwa sababu ya mlango hii, kesho nitaivua kwa mlango ingine. Mimi ni mzee, milango ni mingi. Mimi sitaki kugombana na huyu kijana, yeye anafanya kazi yake. Nitakaa hapa nje. Mwambie hakimu niko hapa."

Mjomba alikuwa amesimama karibu, kofia mkononi. Nilingoja amsihi tajiri wake, alikuwa na kila haki. Alisema tu, "Bosi, kaa kivulini, jua ni kali," akaingia ndani peke yake.

Nilimfuata, nikakaa benchi la nyuma. Sidhani niliwahi kuchukia watu wengi kiasi kile kwa wakati mmoja: askari kwa viatu vyake, Kalasinga kwa utulivu wake, yule mzee wa simi, waliotunga sheria na kusahau kuandika kilichoruhusiwa.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kesi ilisomwa. Upinde wa mjomba uliletwa mezani na kibandiko chake. Alipoulizwa ana nini la kusema, mjomba alijinyoosha akasema yote, bila kosa, mpaka "hawatenganishwi". Nilikuwa nikisogeza midomo pamoja naye. Kwa muda mfupi sana nilikuwa na furaha.

Kiongozi wa mashtaka, inspekta mnene wa polisi, alisimama polepole.

"Kwa hiyo mzee, ni mila."

"Ndiyo, ni mila."

"Unaubeba kwa sababu ya mila. Si kwa sababu nyingine."

Mjomba alinitazama. Niliona swali machoni mwake, na mimi, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kumwambia asiongeze.

"Ni mila," akasema.

"Unaubeba popote uendako?"

"Hatutenganishwi."

"Basi barabarani hukuwa na shughuli maalum. Ulikuwa unatembea na mila yako." Akageuka kwa hakimu. "Mheshimiwa, wale waliopigana kule kaskazini nao walikuwa na mila hiyo hiyo. Ndiyo maana agizo likatolewa."

Akaketi. Nilikuwa nimeichukua sababu ya haki ya mjomba, ile aliyoniambia kila jioni kwenye kigoda, sababu ya kweli na nyepesi kwamba alikuwa akienda kazini, nikaitupa, na badala yake nikampa maneno yaliyokuwa ushahidi dhidi yake.

Hakimu alivua miwani. "Mzee, una shahidi?"

"Ninaye, mheshimiwa."

"Yuko wapi?"

"Nje."

"Kwa nini yuko nje?"

Mjomba alisita. "Ana kisu."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Hata karani aliinamisha kichwa juu ya taipureta. Hakimu aligonga meza. "Shahidi wako katika kesi ya silaha amekuja na silaha?"

"Ni Kalasinga, mheshimiwa. Ni yale mambo yao. Hawezi kuivua. Si mtu mbaya, alikubali kukaa kivulini."

Askari wa mlangoni aliitwa akaeleza. Inspekta alisema agizo ni agizo, tena anaweza kumkamata huyo shahidi sasa hivi. Hakimu alimgeukia. "Nimekaa hapa tangu asubuhi," alisema, "na nina kesi za mbuzi zinaningoja. Mlango una amri yake, sitaivunja mbele ya watu walioacha fimbo zao. Lakini dirisha halina amri. Mwiteni dirishani."

Kilemba cheupe kikatokea kwenye dirisha la upande wa kushoto, nje, juu ya kichaka cha maua. Aliapa kwa imani yake, mkono wenye bangili ukiwa juu ya kizingiti cha dirisha. Watu walijigeuza kwenye mabenchi kumwangalia.

"Unamjua mshtakiwa?"

"Ni soja wangu. Miaka mingi."

"Siku ile alikuwa akienda wapi?"

"Kazini. Kano ilikatika. Mimi ndiye nilimwambia apeleke nyumbani atengeneze, arudi nayo jioni. Kwa kawaida inalala kwa stoo yangu, nimepiga misumari mwenyewe."

Inspekta alisimama. "Na wewe mwenyewe umebeba kisu hadharani. Ni ruhusa gani uliyo nayo?"

Nilishika benchi. Hili ndilo swali langu, lile nililomwuliza nikiwa nazungumza na miguu yake. Nilitaka ajibu kitu kikubwa, kitu kitakachomwokoa yeye na mjomba pamoja.

"Afande, ukitaka kunishtaki, nitakuja siku hiyo nijibu. Leo sikuja kwa ajili ya kisu yangu. Nimekuja kusema huyu mzee alikuwa anaenda kazini. Yangu ni kiapo, yake ni kazi. Usiyachanganye, utamwumiza."

Alisema hivyo kwa inspekta. Hakujua hata kidogo kwamba mchanganyaji alikuwa benchi la nyuma.

Hakimu alimgeukia mjomba. "Mzee, kama ulikuwa ukienda kazini, kwa nini umeniambia mila? Ni nani aliyekufundisha maneno yale?"

Nilijua atanitaja. Nilitaka anitaje. Mjomba alizungusha kofia yake mikononi.

"Hakuna, mheshimiwa. Nilidhani mahakama inapenda maneno makubwa."

Watu walicheka tena, taratibu. Hakimu hakucheka. Aliandika kwa muda, kisha akasema kwamba anamwamini shahidi wa dirishani, na kwamba kwenda kazini ni sababu ya haki. Mshtakiwa aende nyumbani. Lakini mshtakiwa mwenyewe amekiri kwa kinywa chake kwamba hubeba upinde popote aendako, na hilo ndilo agizo linalokataza. Kwa hiyo upinde na mishale havitarudishwa.

Mjomba hakufungwa. Nilijirudia hivyo mara nyingi wakati karani alipokuwa akiubeba upinde kupitia mlango wa nyuma, ukiwa umeshikwa vibaya, kano ikiburuta sakafuni. Mjomba aliutazama mpaka mlango ukafungwa. Kisha akatoka nje akamshukuru Kalasinga, na Kalasinga akasema twende, lori la saruji la watu linangoja.

Kwenye pikapu nilimwambia mjomba kwamba ni mimi niliyeupoteza upinde ule, si hakimu. Nilitaka anikaripie. Nilijieleza sana, kama kawaida yangu, nikatafuta maneno sahihi ya kosa langu, nikayarekebisha, nikaanza upya.

"Nyamaza sasa," alisema. "Umeshasema ya kutosha kwa siku moja."

Kalasinga alibadilisha gia, wakarudi kwenye breki zao.

Tangu siku ile yamebadilika machache. Mjomba hakuchonga upinde mwingine. Alilinda kwa rungu, filimbi na tochi mpaka alipostaafu, na soja aliyemfuata hajui kupiga mshale. Kalasinga aliniagiza nimwandikie kila soja wake barua ya kazi, na ndiyo barua ninayoiandika mara moja tu bila kuirudia. Mahakama ile bado inawazuia watu na simi mlangoni. Makalasinga hupita, kutegemea ni askari gani yuko zamu, na kifungu kinachosema hivyo sijakiona, ingawa sasa nina kitabu kizima. Na mtu akija kwangu na shtaka, simtungii maneno. Namwuliza alikuwa akienda wapi, naandika alivyosema, hata kama sentensi yake imepinda.